Hadithi Tuliyoibandika Mlangoni

Kuna watu upande wa Mangobo ambao mpaka leo wakinikuta njiani wananiita Prof Very Good, na ninyi mkisikia mnacheka, mnadhani ni sifa, nami nimewaacha mdhani hivyo kwa sababu ukweli wake unanifanya nitake kufunika uso kwa mikono yote miwili, lakini bon, leo tuko wenyewe kwa wenyewe, acha niseme yote, hata ile sehemu ambayo sijamwambia mke wangu.

Kazi yangu mnaijua, nafundisha Kiingereza. Si shuleni (shuleni nilijaribu miaka minne, nikaacha kabla sauti haijakatika kabisa), nafundisha watu wazima, kila Jumamosi mchana, katika salle, yaani ukumbi, ya kanisa moja kule Mangobo, kandokando ya barabara inayoelekea sokoni. Msimu ule wa mvua nilikuwa nimebaki na wanafunzi wanne tu. Kulikuwa na Huguette, muuguzi, anayekuja moja kwa moja kutoka kazini na viatu vyake vyeupe. Kulikuwa na papa Assani, muuza simu, mtu wa msikiti, mpole hata akikosea anaomba radhi kwa ubao. Kulikuwa na Trésor, dereva wa pikipiki, kijana anayependa filamu za kutisha kuliko chakula. Na kulikuwa na mama Georgine, mshonaji, ambaye atelier yake ya kushonea iko nyumba mbili tu kutoka salle yetu.

Wiki tatu tulikuwa tumekwama kwenye vitenzi vya wakati uliopita, vile vikaidi visivyofuata sheria, ambavyo huwezi kuvitia mkia wa -ed na kuendelea na safari yako. Nimewaimbisha orodha, nimewapa mazoezi, wapi. Ndipo nikakumbuka mchezo mmoja niliousoma: darasa zima linaandika hadithi moja kwenye karatasi moja, mwalimu anatoa sentensi ya kwanza, kisha karatasi inazunguka, kila mtu anaongeza sentensi yake yenye kitenzi kikaidi, bila kushauriana na mwenzake. Watu wanacheka, wanasahau woga, vitenzi vinaingia vyenyewe. Donc nikaleta kalenda ya zamani, nikaigeuza nyuma ambako ni kweupe, nikaiweka mezani.

Kitabu kilikuwa na sentensi yake ya kuanzia, mtu na mbwa wake wanakwenda ziwani. Ningeiandika hiyo, leo ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini nikaona mbwa na ziwa ni mambo ya mbali, hadithi ni lazima iwe ya kwetu, nikatazama nje dirishani nitafute kitu, na nje alikuwa anapita mzee mmoja mwenye begi kubwa begani, anatembea polepole, anaipapasa njia kwa mguu kabla ya kukanyaga. Nilikuwa nimemwona tangu Jumatatu, amepanga chumba katika nyumba ya ng'ambo ya barabara, ile yenye mlango wa buluu. Jina lake sikulijua wala sikuliuliza. Nilikuwa nahitaji sentensi tu. Nikaandika kwa Kiingereza: Jumatatu iliyopita, mtu mmoja alifika mtaani kwetu na begi kubwa.

Karatasi ikaanza kuzunguka. Huguette akaandika kwamba yule mtu hakumsalimu yeyote. Papa Assani akaandika kwamba aliingia katika nyumba yenye mlango wa buluu (na yeye alitazama dirishani, si unaona, mwalimu ameshaonyesha njia). Mama Georgine akakaa na kalamu muda mrefu, akitoa ulimi kama mtu anayetia uzi kwenye sindano, kisha akaandika: «He hided the head under the bed.» Yaani, alificha kichwa chini ya kitanda. Trésor kuona hivyo macho yakamng'aa, akaandika kwamba watoto waliona damu wakakimbia. Karatasi ikarudi kwa Huguette, akamalizia: akasema, kesho nitachukua kingine.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana aibu yangu inaanzia hapa. Mimi nilichukua kalamu nyekundu nikaisoma hadithi ile kuanzia juu hadi chini, na sikusoma hata neno moja la maana yake. Nilisoma vitenzi. Nilikata «hided» nikaandika «hid». Kwenye sentensi ya Trésor nikaona vitenzi vikaidi viwili katika mstari mmoja, vyote sahihi, moyo wangu ukafurahi jinsi ambavyo haujafurahi tangu Krismasi, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: «Very good». Kisha nikatia sahihi yangu chini. Kichwa, damu, kitanda, nyumba inayojulikana na kila mpita njia, vyote vilipita mbele ya macho yangu kama maji.

Na kama hiyo haitoshi, nikapata wazo la pili. Nikasema kazi nzuri hivi haifai kulala mezani, watu waione, labda na wengine watakuja kujiandikisha. Mama Georgine akaleta uji wa unga wa muhogo, tukaibandika kalenda ile kwenye mlango wa salle, upande wa nje, tukaipangusa kwa viganja isikunjike. Tukaagana tukiwa na furaha, mimi nikarudi zangu nyumbani, Kabondo.

Lazima niseme pia mji ulikuwaje wiki zile. Kulikuwa na maneno maneno kwamba watu wanapotea, kwamba kuna wageni wanaoshuka kwenye mashua wakiwa na mizigo isiyoeleweka, hakuna aliyemjua aliyepotea lakini kila mtu alimjua mtu anayemjua. Wazazi walikuwa wanawafuata watoto shuleni. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga dirisha mapema.

Jumapili, kama saa nne asubuhi, nimekaa nyumbani napiga pasi shati, nikasikia pikipiki imesimama mlangoni. Alikuwa Trésor. Hakuzima injini.

«Prof, panda.»

«Kuna nini?»

«Kule kwa salle batu banajaa. Banasema kuko kichwa ya mutu mu nyumba ya ule papa ya mulango ya buluu.»

«Kichwa gani?»

Akanitazama kama mtu anayeomba nimsaidie asiseme. «Kichwa ya hadisi yetu, Prof.»

Niliacha pasi ikiwaka (mke wangu aliikuta, na shati lilikuwa limeshaungua).  Njiani nilimshika Trésor kiunoni, nikairudia hadithi ile kichwani sentensi kwa sentensi, safari hii kwa maana yake.

Tulipofika, barabara ilikuwa imefungwa na watu. Misa ilikuwa imetoka, soko nalo limejaa, na wale wa kanisani na wale wa sokoni walikuwa wamekutana mbele ya mlango wa buluu. Karatasi yetu haikuwepo mlangoni. Ilikuwa mikononi mwa kijana mmoja mwenye miwani, mwanafunzi nadhani, ameibandua pamoja na rangi ya mlango, ameshika simu ya kutafsiria mkono wa pili, na alikuwa anawasomea watu kwa Kiswahili chetu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali.

«Alificha kichwa chini ya kitanda. Batoto baliona damu, bakakimbia. Akasema, kesho nitakamata ingine.»

Watu wakaguna. Mama mmoja kando yangu, ana beseni la chikwange, ile mikate ya muhogo, kichwani, akasema, «Njo maana baliandika kingereza, tusisikie.»

Na wote waliomsikia wakatikisa vichwa, kwa sababu kweli, ukifikiri, ina maana.

Mzee walikuwa wameshamtoa. Alikuwa amekaa chini mbele ya mlango wake, shati limepasuka begani, na begi lake walikuwa wamelimwaga matopeni. Nilitarajia sijui nini, na wao pia nadhani walitarajia, lakini kulikuwa na suruali mbili, kitabu cha nyimbo, karatasi za hospitali, chupa ndogo za dawa ya macho, na kitenge cha kike kilichokunjwa vizuri sana, cha zamani, ambacho mtu fulani alikuwa amekikanyaga. Ungedhani watu wangeona vitu vile wangerudi nyumbani. Lakini mtu aliyekwisha kuogopa hataki kuambiwa kwamba ameogopa bure. Kama hakipo kwenye begi, basi kiko ndani. Vijana wawili walikuwa wanapindua kitanda, tulisikia mbao. Na kutoka upande wa soko nikaona mwingine anakuja anaviringisha tairi kuukuu, taratibu, analipiga kiganja ili lisianguke, na mtu yeyote wa mji huu anajua kwamba tairi kama hilo huvishwa mtu shingoni kisha likawashwa moto.

«Nani aliandika hii?» akauliza mwanamume mmoja mwenye chuma mkononi. Akauliza tena. «Nani aliandika? Kuko signature hapa.»

Sahihi yangu, jamani, mimi huiandika kwa mbwembwe nyingi mno hata hakuna anayeweza kuisoma. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa mbwembwe zile.

Hii ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mke wangu. Nilinyamaza. Nilijua neno moja tu lingetosha, nilijua mzee yule hana kosa, na nilisogea hatua moja nyuma ya yule mama wa chikwange, kisha hatua ya pili, nikainamisha kichwa kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.  Nilikuwa nahesabu: nikipita kati ya ukuta na nguzo ya umeme, nitatokea nyuma ya salle, kutoka pale ni njia ya Kabondo. Nilinyamaza labda dakika tatu, labda tano, na tairi likafika.

Aliyesema ni mama Georgine. Alikuwa ametoka atelier kwake akiwa na futi ya kupimia shingoni, mwanamke mfupi kuliko wote waliokuwepo, akawapenya watu mpaka mbele.

«Ile maneno ya kichwa, miye njo niliandika.»

Yule mwenye chuma akamgeukia. «Alors we mama, kichwa iko wapi?»

Na mama Georgine, ambaye hajui kusema uongo hata wa kujiokoa, akajibu alichoulizwa. «Iko kwangu. Iko juu ya meza.»

 Waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma. Kisha nikaona duara lile lililokuwa limemzunguka mzee linajifungua na kuanza kumzunguka yeye, na nikajua kwamba hajui, mpaka sasa hajui wamesikia nini, anadhani amewaeleza. Hapo sikufikiri. Nisingefikiri vizuri hata hivyo. Nilimsukuma mama wa chikwange (mama, nisamehe) nikajikuta katikati, kandambili moja imebaki nyuma.

«Ni kichwa ya mashini,» nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto anayeimba. «Bakubwa, ni kichwa ya mashini. Mashini ya kushona. Sehemu ya juu, ile ya chuma, tunaiita kichwa. Hakuna mutu.»

«We ni nani?»

«Mwalimu wao. Ya kingereza. Hii ni exercice tu, tulikuwa tunafunda verbe.»

Kijana wa miwani akanisogezea karatasi usoni. «Na damu?»

«Damu ni ya Trésor.» Watu wakashtuka tena, nikasema haraka, «Ni yeye aliandika. Yeye alifikiri ni kichwa ya mutu. Huguette alifikiri ni mwizi ya mashini. Kila mutu alikuwa na hadisi yake.»

«Na hii ya nyekundu, hapa kando ya damu, inasema nini?»

Nilitamani nidondoke nife. «Inasema vizuri sana.»

«Nani aliandika vizuri sana?»

«Ni miye.»

Yule mwenye chuma alinitazama, na naapa hakukuwa na hasira tena usoni kwake, kulikuwa na mshangao. «Batoto banaona damu, banakimbia, na we unasema vizuri sana?»

«Verbe ilikuwa sawa,» nikasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka, cheko fupi, la ghafla, kama kikohozi. Mwingine akamfuata. Lakini msidhani iliishia hapo, maana yule wa tairi hakucheka, alikuwa bado amelishika, akasema twende tukaone hicho kichwa. Tukaenda. Barabara nzima ilienda, mimi na mama Georgine mbele, mguu wangu mmoja mtupu ndani ya matope, na nilikuwa naomba kimoyomoyo kwamba asiwe ameipeleka mashine kwa fundi.

Ilikuwepo. Mama Georgine akazilegeza skrubu mbili, akakinyanyua kichwa cha cherehani kutoka mezani, cheusi, kizito, kina mafuta, akakibeba mikononi mpaka mlangoni kama mtu anayeonyesha kichanga. «Hii njo kichwa,» akasema. Walio mbele wakawaambia walio nyuma. Yule wa tairi akaliegemeza kwenye ukuta, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaondoka bila kumtazama mtu. Wengine wakakumbuka soko. Katika muda wa kukoroga chai, barabara ilikuwa barabara tena.

Nikarudi kwenye mlango wa buluu. Mzee alikuwa amepiga magoti, anapapasa matope akitafuta chupa zake. Macho yake yalikuwa na ukungu, nadhani aliona kivuli changu tu. Nikainama nikaokota kile kitenge.

«Ni nani?» akauliza.

«Ni prof, papa.»

«Prof ya nini?»

«Ya kingereza.»

Akanyoosha mkono, nikampa kitenge. «Acha,» akasema. «Nitakusanya miye mwenyewe.»

Usiku wa siku ile sikula, na Jumatatu pia. Jumanne mama Georgine akanifuata, akasema twende kumwomba mzee msamaha, yeye ameshamshonea shati. (Yeye, ambaye hakukosa kitu.) Mzee alitupokea, akatupa viti. Aliitwa papa Bolamba, mvuvi wa Yanonge, mkewe alifariki mwaka uliopita, alikuja kutibiwa macho kwa sababu alikuwa hawezi tena kuona nyavu zake mwenyewe. Nilieleza yote, nikaomba radhi kwa maneno mengi mno, kama kawaida yangu. Akaniomba nimsomee ile hadithi kwa Kiswahili. Nikamsomea, sentensi sita, na sijawahi kusoma kitu kirefu kama kile.

«Na ule mutu wa hadisi,» akauliza, «jina yake nani?»

«Hana jina, papa.»

Mzee akasema, «Njo maana. Kama mungemupatia jina, bangetafuta yeye.»

Mama Georgine akampa lile shati, tukaaga.

Alhamisi aliteremka na mashua kurudi Yanonge. Huguette alinipigia simu kunijulisha, alikuwa ameulizia hospitalini: matibabu ya jicho la kuume yalikuwa yamekwisha, la kushoto lilikuwa limebakiza siku moja tu kwa daktari. Nilikimbia bandarini. Nilimkuta ameshakaa juu ya mizigo, begi magotini, nikamsihi abaki, nikamwambia atalala kwangu, mimi mwenyewe nitampeleka na kumrudisha. Alinishukuru kwa heshima kubwa, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Akasema atarudi siku watu watakapokuwa wamesahau.

Bon, mnaniuliza kama bado nachezesha mchezo ule. Nachezesha, vitenzi vinaingia kweli. Lakini nimeapa mambo yangu: mtu wa hadithi zetu anapata jina kabla ya kupata kitenzi, tena jina ambalo hakuna mtu analo, tunalibuni kwa pamoja. Kila sentensi inasomwa kwanza kwa Kiswahili, tujue inasema nini, ndipo nitafute makosa yake. Na mlangoni sibandiki kitu, hata ratiba.

Papa Bolamba bado hajarudi. Huguette anapita kila mwezi kwa yule daktari wa macho kuwaomba wasilifute jina lake kwenye orodha, na kila mwezi wanamwambia bado lipo.